Wageni Wasiokula Udongo

Kulikuwa na harufu iliyotujia jua likishazama, na kabla ya hapo ungenusa mpaka pua ikuume usiipate. Tuliishi pembeni mwa msitu, juu ya Saboti, pale mlima Elgon unapoanza kuinuka kwa kweli na ukungu kushuka saa ya kukamua ng'ombe. Mchana palinuka moshi, mahindi mabichi na matope. Jioni, kuku wakianza kugombania nafasi ya kulala, harufu nyingine ilitoka kwenye mzeituni mwitu uliosimama mwisho wa shamba: tamu, nyepesi, yenye ndimu kidogo ndani yake. Ilitoka kwenye maua meupe yenye ncha kali, kila ua na mkia mrefu mwembamba ukining'inia nyuma yake. Mmea wenyewe ulikaa juu ya gome la mti bila kugusa ardhi hata kidogo. Mizizi yake ya kijivu, minene kama nyungunyungu, ilishikilia nyufa za gome pale unyevu ulipojikusanya. Siku hizi najua kwamba zile ni okidi. Wakati huo tuliwaita wageni. Mama ndiye aliyewapa jina hilo kwa sababu walikaa kwa mwenyeji na hawakuomba chakula. Baba naye, ambaye hakupenda kushindwa na mkewe kwa maneno, alimwuliza kila mara ni mgeni gani huyo ambaye siku ya tatu imeshapita na bado hajapewa jembe.

Msitu ule ulikuwa na wageni wa kila namna, na sisi watoto tuliwajua kwa makao yao kuliko kwa sura. Kulikuwa na wadogo wa manjano, wasiozidi ukucha, waliokaa juu kabisa kwenye matawi yenye ndevu za kijivu, na tuliwaona tu upepo ulipoangusha tawi. Kulikuwa na wa bondeni, kwenye kinamasi, waliotoka ardhini kwa kijiti kimoja chenye maua ya waridi yaliyopangana mpaka juu. Hao tuliwachuma kwa ajili ya kanisa, na kufika Jumapili saa sita walikuwa wameshanyauka mbele ya mimbari. Wa mzeituni hatukuwachuma. Walikaa upande wa kivuli, chini kidogo ya mahali shina linapogawanyika, na ungemwona mama amesimama hapo na ndoo kichwani, amesahau kwamba ndoo ni nzito. Baba aliamini kwamba wananyonya mti. Kwake walikuwa kupe, na kupe hutolewa. Lakini hakuwatoa, kwa sababu mtu anayetaka ugali wa moto jioni hujifunza mapema vita gani aviache.

Shamba lenyewe halikuwa letu. Lilikuwa la msitu. Ulipewa kipande, ukalima mahindi na viazi, na katikati ya mistari ukatunza miche ya serikali mpaka ikue na kukufukuza kwa kivuli chake, kisha ukapewa kipande kingine. Nikiwa darasa la nne, Julai, baridi ikiwa imeingia kifuani mwa kila mtu, ndugu yangu mdogo alishikwa na nimonia. Alikuwa na miezi michache tu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kwenda Kitale hata matrekta yakakwama, kwa hiyo mama alimbeba mgongoni, baba akatangulia kumsafishia njia, na walipofika Saboti mtoto alikuwa hapumui tena. Walirudi naye kwa njia ile ile. Nilimwona mama akipanda kilima, na mkono wake mmoja bado ulikuwa nyuma ukimpigapiga mgongoni taratibu, kama anavyobembelezwa mtoto asiyetaka kulala.

Kwetu kaburi lina kazi mbili: linamlaza mtu, na linashuhudia shamba. Mtu akitaka kuthibitisha kwamba shamba ni lake hakimbilii kutafuta karatasi, anakuonyesha walikolala wazee wake. Ndiyo maana kaburi ndani ya ardhi ya msitu lingesomwa vibaya. Lingesomwa kama sisi tunadai. Baba alilijua hilo, na kumpeleka mtoto Bungoma kwao hakuweza, kwa barabara ile na mvua ile. Alichimba chini ya mzeituni mwitu, akamlaza, mchungaji akaomba kwa sauti ya chini, kisha baba akashindilia udongo kwa miguu mpaka ukawa sawa na shamba lote. Akatandaza majani juu. Hapakuwekwa jiwe wala msalaba. Sijaona tena mtu akikanyaga ardhi kwa upole namna ile, na mama alikuwa amempa mgongo, anautazama mti. Majirani walimwambia kazi ya Mungu haina makosa. Nilikuwa mtoto, lakini mimi makosa niliyaona.

Kuanzia siku hiyo wageni walikuwa na kazi. Alama ya kaburi ilikuwa ni wao peke yao, na hakuna afisa ambaye angesoma madai yoyote katika ua lililoota juu ya gome. Jioni mama alimaliza kukamua, akasimama pale mpaka harufu ije, akarudi jikoni. Hakulia mbele yetu. Alizungumza kuhusu viazi, kuhusu chumvi iliyokwisha, kisha katikati ya sentensi angenyamaza, na sisi tukajua kwamba harufu imefika. Nilitamani alie kama mama wa watu wengine, apige yowe, tujue yalipo mambo. Kimya chake kiliniogopesha kuliko msiba wenyewe.

Mahindi yalipoanza kukauka, maafisa wa msitu walituambia tuondoke. Msitu unafungwa, walisema, na wote walio ndani watoke na vitu vyao. Baba alipata nafasi kwenye tela la trekta la jirani aliyekuwa akielekea Ndalu, na kutoka huko tungejua la kufanya. Alifunga magodoro, akashusha mabati. Mama hakufunga kitu. Alikaa chini ya mzeituni, amenyoosha miguu, na baba alipomwita mara ya tatu alisema, "Nyinyi endeni. Mimi nitakuja." Baba alimwuliza atakuja na nini, na lini. Mama akasema hajui, ila hawezi kumwacha mtoto mahali hapana hata kitu cha kuonyesha. Dereva wa trekta alikuwa anapiga honi. Ndipo baba, aliyewaita kupe miaka yote hiyo, alipochukua panga, akapanda mti na viatu vyake vya mvua, akaanza kuwabandua wageni mmoja mmoja.

"Pole pole, Baba Nekesa," mama alisema kutoka chini. Nekesa ni mimi. "Usikate mguu yake."

Mizizi haikukubali kutoka. Ilibanduka na vipande vya gome, mingine ikakatika na kubaki mtini, myeupe kwa ndani. Mama aliwapokea ndani ya kanga yake ya kanisani. Safari nzima alikaa juu ya magunia amewapakata, na mvua ilipoanza aliwafunika wao, mimi nikalowa.

Tulihamia kwa nyanya yangu mzaa baba, Kukhu, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Ni nchi nyingine ile, ingawa siku moja tu inatosha kufika. Hakuna ukungu. Jua linachomoza likiwa limekasirika, miwa imesimama kila upande, na jasho linakutoka ukiwa umekaa tu unachambua mboga. Kukhu alitupokea vizuri, akachinja jogoo, akawapa wazazi wangu chumba chenye kitanda. Lakini alipoona kilichokuwa ndani ya kanga na kusikia kilikotoka, alisimama mlangoni. "Kitu ya kaburi hapana reta ndani ya boma," alisema. "Mtu akirara, amerara. Humwamshi umhamishe." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amezika watoto wake mwenyewe na sheria hiyo ilikuwa imemsaidia. Mama hakubishana na mama mkwe wake. Aliinama kwa heshima, akatoka nje ya ua wa miti, nyuma ya jiko, penye migomba, akatafuta mahali pake huko.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa wema. Sisi ni wakulima. Mtu wa Trans-Nzoia akikwambia anakupenda, anakupa gunia la mahindi, na akitaka kusifu shamba anachota udongo mkononi na kuunusa. Hatujui kitu kinachoishi bila udongo. Mama aliwatazama wageni wake, walivyokuwa wamekauka midomo kwa safari, mizizi imekatika, akawahurumia. Akatafuta mikebe ya mafuta ya kupikia. Akachukua samadi ya ng'ombe wa Kukhu, ile iliyooza vizuri mpaka inakuwa nyeusi na laini, akaichanganya na udongo mwekundu, na juu yake akanyunyiza mbolea ya kupandia ambayo baba alikuwa ameiweka kwa ajili ya mahindi yake mwenyewe. Akawapanda. Akawashindilia vizuri wasiyumbe, akawamwagilia mpaka maji yakasimama juu.

"Walikuwa wanaishi na hewa tupu," aliniambia, akijifuta mikono. "Hakuna kitu inaishi na hewa tupu. Hapa watakula."

Wiki za kwanza walisimama. Mama aliamka kabla ya Kukhu na kwenda nyuma ya jiko, na jioni alikwenda tena, akaketi juu ya jiwe la kufulia kuingoja harufu. Haikuja. Majani yakaanza kukunjamana kama ngozi ya mkono uliokaa majini, kisha yakawa ya njano kuanzia chini. Mama akaongeza samadi. Jani likaanguka, akaongeza maji. Alimtuma baba kwenye duka la agroveti mjini, na baba akarudi na dawa ya mnyauko wa nyanya, kwa sababu alipoulizwa ni mmea gani alishindwa kueleza, akasema tu ni kama nyanya hivi. Hata Kukhu, baada ya kumtazama mama kwa siku nyingi kupitia nafasi za ua, alitoka na kikombe cha majivu ya jikoni. Alinyunyiza majivu kwenye kila mkebe, kama anavyofanyia sukumawiki zake, akarudi ndani. Kila mtu alileta alichokijua. Na kadiri tulivyoleta, ndivyo wageni walivyozidi kufa. Mikebe ilianza kutoa harufu ya kitu kilichooza, na mama aliinusa kama vile ndani ya uvundo huo kuna ile nyingine imejificha.

Nilimwogopa mama yangu miezi ile. Alikonda. Shingo ilionyesha mishipa, na aliacha kusuka nywele. Alizungumza na mikebe kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa, "kula kidogo, kula kidogo tu," na akisikia mtu anapita alijifanya anang'oa magugu. Mgeni alipokauka kabisa hakumtupa. Alichimba shimo kati ya migomba, akamfukia, akasawazisha kwa mkono. Mimi nilisimama nyuma ya jiko nikaliona hilo, nikajua kwamba tunamzika ndugu yangu tena na tena, na hakuna mtu mzima wa kumwambia aache. Baba alikuwa akishinda mjini akitafuta kibarua. Wanawake wa kanisa walikuja kumwombea, wakamwambia asiweke moyo wake katika majani. Aliwapikia chai, akawashukuru, na walipoondoka akaenda kumwagilia maji.

Mwishoni akabaki mmoja. Na huyo mmoja, karibu na Krismasi, alitoa kijiti cha maua. Mama alipokiona aliketi chini pale pale kwenye tope. Tulihesabu naye vifundo, tukakijengea kibanda cha majani ya mgomba, na kila aliyepita aliambiwa asikohoe karibu. Ua moja likafunguka, dogo kuliko tuliyoyajua, mkia wake umepinda. Jioni ile sote tulikuwa nyuma ya jiko: baba na kiti chake, Kukhu amesimama upande wake wa ua wa miti, mimi na mdogo wangu anayenifuata tumenyamaza kwa mara ya kwanza siku hiyo. Harufu ikaja. Ilikuwa hafifu, lakini ni yenyewe. Mama akalia basi, kwa sauti, mdomo wazi, kilio chote cha tangu Julai, na Kukhu akatoka nje ya ua akamshika mabega. Baba alivua kofia. Nilifurahi vile mtoto anavyofurahi, bila kuacha akiba. Nikasema moyoni, amepona, sote tumepona. Siku hizi nimesoma kwamba mmea unaokufa mara nyingine hutoa ua kwa nguvu zake za mwisho. Sisi hatukujua. Mama, kwa shukrani, alimwongezea mgeni samadi, safari hii konzi mbili.

Mgeni huyo alikufa kabla ya shule kufunguliwa. Mama alimwambia baba kwamba anakwenda Saboti kuchukua mwingine, hata kwa miguu, kuna waliobaki juu mtini ambao panga halikuwafikia. Alikuwa ameshafunga leso kichwani. Baba alikuwa anakula. Alisukuma sahani kando, akasema, "Mama Nekesa, keti. Hiyo mti haiko." Jirani yule wa trekta alikuwa amemwambia: msumeno wa injini ulipita pale siku chache tu baada yetu kuondoka. Baba alikuwa amelijua hilo wakati wote mama akimwagilia mikebe, na alikuwa amenyamaza kwa sababu mwanamke aliye na kitu cha kumwagilia angalau anaamka asubuhi. Mama hakumlaumu. Alifungua leso, akaikunja vizuri, mara mbili, mara nne, mpaka haikukunjika tena.

Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa biolojia alichora mti ubaoni na juu ya tawi lake akachora mmea mwingine. Akaeleza kwamba mimea ya namna hiyo hainyonyi mti na haili udongo. Mizizi yake inakunywa ukungu na mvua, inataka upepo, na ukiifukia ardhini inakosa hewa, inaoza. Nilikaa na habari hiyo mpaka likizo kama mtu aliyebeba zawadi. Nilidhani mama atafurahi kujua kwamba baba alikosea, wale hawakuwa kupe. Alikuwa anapepeta mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa umesimama hewani.

"Kumbe niliwazika wakiwa hai," akasema, na kuendelea kupepeta.

Sasa ninaishi Kitale, na mama anaishi nami tangu baba alipotutoka. Mjini hapa kuna mwanamke anayeuza miche kando ya barabara, na kati ya mawaridi yake ana okidi zilizotoka mbali, zina maua makubwa ya zambarau yasiyo na harufu yoyote, saa ya mchana wala ya jioni. Nilinunua moja. "Usiwekee mchanga, madam, itakufa," aliniambia, bila hata kuinua macho. "Hiyo ni makaa tu na maganda ya mti." Kitu ambacho kingemwokoa mama yangu kinasemwa leo hivyo, pamoja na bei. Okidi ile inastawi dirishani kwangu. Mama hupita karibu nayo kila siku kwenda kuota jua, na sijamwona akiitazama.

Mwaka huu mvua iliposhika aliniomba nimpeleke. Gari linafika karibu kabisa siku hizi, barabara ni ya lami mpaka mbali, ile iliyomuua ndugu yangu kwa matope. Tulitembea kidogo kidogo kwa sababu ya magoti yake. Tulipofika juu, tulikuta misaiprasi, miti ya mbao ya serikali, safu kwa safu, yote ya umri mmoja, imenyooka na magome laini, na chini yake hakuna kitu kinachoota. Hakuna kisiki. Kinamasi cha bondeni kimekuwa shamba la kabeji. Nilitoa simu, kana kwamba simu ingejua. Mama alikwenda safu moja, akarudi, akaenda nyingine, anagusa miti, anapima kwa macho umbali wa kilima kile na kile. Kisha akasimama. "Nekesa," aliniambia, "sasa mimi nilie wapi?" Watu hunisifu kwa maneno, na nimefundisha watoto wa watu kuandika insha kwa miaka mingi. Nilimshika kiwiko tu.

Askari wa msitu alitokea, msichana mwenye adabu, akatusalimu vizuri, akauliza tunatafuta nini humo. Nilifungua mdomo, mama akanitangulia. Hofu ya miaka ile bado ilikuwa naye, ile ya kaburi lisilotakiwa kuwa kaburi. "Kuni tu, mtoto yangu," alisema. "Hizi zimekauka." Wanawake wanaruhusiwa kuokota kuni. Msichana akakaa pale, kwa wema tu, akitungoja tumalize atuonyeshe njia fupi. Kwa hiyo ikabidi mama yangu ainame na kuokota vijiti, juu ya mtoto wake au mbali naye, hakuna ajuaye, mpaka akapata mzigo wa kuaminika, akaufunga kwa leso yake.

Nyumbani kwangu tunapikia gesi. Mzigo ule uko nyuma ya nyumba, juu ya matofali, na mama amekataza mtu yeyote asiuguse. Mvua ikianza, anatoka kwenda kuufunika.